Vidonge

Muuguzi Ntakwinja alinifunga ule mkanda mkononi,
akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena.
Akaandika tarakimu mbili kwenye karatasi ya daftari,
ile ya juu akaipigia mstari mara mbili.
"Baba Cirhuza, wewe unakula nini?"
Nikamjibu: ninachouza.

Ninauza vidonge vya mchuzi,
nyanya za kopo nyekundu kama kucha za bibi harusi,
sosisi zilizovuka bahari bila kuoza
(hapo ndipo ningeshtuka, wala sikushtuka),
soda, biskuti, tambi za dakika tatu.
Miaka kumi na minne juu ya mteremko huu wa Kadutu,
mlinzi anayetafuna ghala lake.
Sasa nimepewa vidonge vingine, vyeupe,
kimoja asubuhi, kimoja jioni,
vya kupigana na vile vya kwanza.

Nankafu hakunisema.
Alfajiri alishuka sokoni, matope yakiwa bado na usingizi,
kuwawahi wanawake wa Kabare
wanaofika na mzigo umefungwa kwenye paji la uso,
shingo zimekaza kama kamba za daraja.
Akarudi na lengalenga, bishusha, bilinganya chungu,
sambaza wa usiku huohuo, macho yao bado maangavu.
Akapika bila kugusa rafu yangu hata moja.

Nilionja. Maji ya kuoshea sufuria!
Nikatafuta chumvi, akaikalia.
"Ulimi wako umedekezwa," akasema,
"nimeachisha ziwa watoto watano,
sitashindwa na wewe wa sita.
Utalia, kisha utanyamaza."

Nililia wiki nne.

Wiki ya tano, sijui siku gani,
mvua ilikuwa inapiga mabati hata redio haisikiki,
uchungu wa bilinganya ukanifungukia mdomoni
na nyuma yake, taratibu, utamu,
kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote
akingoja kuambiwa karibu.
Nikamkumbuka mama, kule Walungu,
maharage yakilala kwenye chungu hadi asubuhi,
mashanza kwenye jani la mgomba.
Hakuwa na jina la chakula cha asili.
Alikiita chakula, siku zile kilipokuwepo.
Maana siku nyingine hakikuwepo,
na alikufa ana miaka hamsini na mmoja;
majani hayakumwokoa na vita,
na mimi sitayasingizia hapa.

Jana, bakuli likiwa magotini mwangu,
akaja Ashuza wa nyumba ya chini,
sarafu hana, ana noti moja iliyochoka.
"Mama amesema kidonge kimoja cha mchuzi."
Kimoja. Kwa maji ya sufuria nzima, na midomo saba.
Nifanye nini, nimhubirie?
Nilimpa kidonge. Nilipokea noti.
Akaliangalia bakuli langu, akavuta pua:
"Baba Cirhuza, na wewe leo umekosa pesa?"

Nilicheka hadi nikapaliwa na sombe.

Leo nimeweka mafungu sita ya lengalenga kwenye kaunta,
kati ya soda na biskuti,
bei ileile niliyonunulia.
Mteja wa kwanza aliuliza kama nimefungua kanisa.
Wa pili alinunua fungu, la sungura.
Kufikia saa sita yalikuwa yameinamisha vichwa
kama wanafunzi wasiolipa karo.
Makopo hayakuinama. Makopo hayajui saa.

Ashuza alipita tena, akashika jani moja,
akalinusa, akalirudisha mahali pake kwa adabu,
akaenda zake.
Yamebaki mafungu matano.
Matatu nitampelekea mama yake gizani, kimyakimya,
asije akadhani ninamdai.
Mawili ni hasara yangu:
nitaila usiku huu, na kitunguu,
na chumvi, kidogo tu, Nankafu akigeuka.